Ngoma Ikiingia Kwenye Sinema, Jina Lake Liende Nayo

Ndugu msomaji, leo tuzungumze habari za ngoma. Hatuzungumzii ngoma ya harusi ya Jumamosi ijayo. Tunazungumzia ngoma iliyopigwa picha ikaonekana katika sinema na katika televisheni.

Huenda utauliza, habari hii inatuhusu nini sisi wakulima wa Kibondo na Kasulu? Inatuhusu sana. Ngoma moja ya majirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya Ngara, ilipigwa picha na watu wa sinema ikaonyeshwa Marekani mwaka 1950. Huko ilisifiwa sana. Lakini miaka 12 baadaye Wamarekani wengi walilijua jina tu, na ngoma yenyewe hawakuijua. Walikuwa wakicheza kitu kingine kabisa chini ya jina hilo.

Leo kamera imefika kwetu. Imo mfukoni mwa kijana anayekuja ngomani na simu. Kwa hiyo inafaa tujue mambo yaliyowapata wenzetu, ili yasitupate sisi.

PICHA ZINAZOTEMBEA

Kwanza tuelewe sinema ni nini. Sinema si picha moja. Ni picha nyingi zilizopigwa haraka haraka, moja baada ya nyingine. Mcheza ngoma akiinua mguu, picha ya kwanza inaonyesha mguu chini. Ya pili inaonyesha mguu umeinuka kidogo. Ya tatu inaonyesha umeinuka zaidi. Picha hizo zikipitishwa upesi mbele ya taa, jicho haliwezi kuzitenganisha. Linaona mguu unapanda.

Sinema za mwanzo hazikuwa na sauti. Watengenezaji walitafuta vitu vinavyopendeza kwa mwendo wake tu: gari moshi, farasi, mawimbi ya bahari. Ngoma iliwafaa sana. Mwaka 1894 huko Marekani, watu wa Thomas Edison waliwapiga picha wachezaji wa kabila la Sioux, wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walianza kuonyesha sinema kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris.

Mwaka 1897 kamera ya akina Lumière ilipiga picha ngoma ya Waafrika. Lakini haikuwa Afrika. Ilikuwa katika mji wa Lyon, Ufaransa. Waashanti kutoka nchi ambayo leo inaitwa Ghana walikuwa wamewekwa katika kijiji cha maonyesho, na watu wa mji walikuwa wakilipa kwenda kuwatazama. Wachezaji walikuwa mbali na kwao, na watazamaji hawakujua lugha yao.

Tena mkanda wa filamu wa wakati ule ulikuwa na urefu wa meta 17 hivi. Ulikwisha kwa muda wa sekunde 50. Fikiri, ndugu msomaji. Ngoma inayoanza jua likitua na kwisha alfajiri ilikatwa ikawa sekunde 50! Aliyeitazama aliona kurukaruka. Hakuona namna ngoma ilivyoanza polepole, ikapanda, na mzee akaingia katikati.

KAMERA TANGANYIKA, MWAKA 1906

Hapa kwetu kamera ilifika mapema. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alitua Lindi. Alikuwa mtu wa jumba la makumbusho la mji wa Leipzig. Alikwenda bara hadi Newala, katika nchi ya Wamakonde. Alikuwa na kamera ya sinema, na pia fonografu, yaani mashine iliyonasa sauti juu ya nta. Alipiga picha ngoma, na nyimbo akazinasa kwa ile mashine.

Kazi yake ina faida mpaka leo, kwa sababu tunaweza kujua kidogo watu wa kusini walivyocheza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini ina upungufu wa aina mbili.

Upungufu wa kwanza ni wa mashine. Picha ilikuwa kwenye mkanda mmoja na sauti kwenye nta nyingine. Havikufungwa pamoja. Picha ilikuwa na miguu bila ngoma, na nta ilikuwa na wimbo bila miguu. Tena kamera za wakati huo zilizungushwa kwa mkono. Mkono ukizungusha polepole wakati wa kupiga picha, na mashine ikazungushwa upesi wakati wa kuonyesha, wachezaji wanaonekana kama wanakimbizwa na nyuki. Mtazamaji wa Ulaya akadhani Waafrika ndivyo wanavyocheza.

Upungufu wa pili ni wa hali ya nchi. Mwaka 1906 Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijakwisha. Weule alisafiri akilindwa na askari wa serikali ya Wajerumani. Mwanakijiji akiambiwa na mgeni mwenye askari, "Cheza, nikupige picha," angeweza kukataa? Swali hilo tulikumbuke. Tutalirudia.

Sinema yenye sauti ilianza kuenea duniani baada ya mwaka 1927. Hapa Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, kulikuwa na mpango wa kutengeneza filamu za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu hizo zilifundisha kilimo, afya na mambo ya nyumbani. Zilizungushwa vijijini kwa lori. Sauti yake haikuwa ndani ya mkanda, ilikuwa katika sahani za santuri zilizopigwa pembeni. Kwa njia hiyo filamu moja iliweza kusema lugha mbalimbali kwa kubadili sahani tu. Lakini sindano ya santuri ikiruka, maneno na picha vilipishana. Kwa hotuba juu ya kahawa si kitu. Kwa ngoma ni hasara, maana ngoma ni mguu na mlio kukutana mahali pamoja.

WACHEZAJI WA RWANDA WAENDA MAREKANI

Sasa tufike kwa majirani zetu.

Sisi wa Buha na wenzetu wa Burundi na Rwanda tunafanana kwa mambo mengi. Mtu wa Kasulu akisema Kiha, Mrundi anamwelewa bila mkalimani. Wote tulitawaliwa zamani na watu walioitwa mwami. Kwa Kirundi neno "ingoma" lina maana mbili: ngoma ya kupiga, na utawala wa mfalme. Basi utaona kwamba kwa watu wa upande huu ngoma haikuwa mchezo tu.

Katika Rwanda ya wafalme kulikuwa na vijana walioitwa intore, maana yake walioteuliwa. Walikaa karibu na mfalme wakafundishwa ushujaa, adabu, kusema vizuri na kucheza. Wachezaji wake huvaa manyoya marefu ya katani kichwani, kama singa za simba. Hufunga njuga miguuni. Hushika mkuki na ngao ndogo. Huruka kwa pamoja, na kichwa kikizungushwa, zile singa hupepea. Kila hatua hufundishwa, na kijana hujifunza kwa muda mrefu kabla ya kusimama mbele ya watu.

Kampuni ya sinema ya Marekani iitwayo MGM ilikuja Afrika Mashariki na Kongo kupiga picha za filamu ya King Solomon's Mines. Filamu hiyo ilianza kuonyeshwa mwaka 1950. Wachezaji wakubwa wa hadithi walikuwa Stewart Granger na Deborah Kerr. Hadithi ni ya kubuni. Wazungu wanamtafuta mtu aliyepotea akitafuta hazina, wanafika kwenye nchi ya mfalme, na mwishoni kuna ngoma kubwa. Wachezaji wa ngoma hiyo walikuwa watu wa Rwanda wenyewe. Filamu haikuwekewa muziki wa Kizungu kama ilivyokuwa desturi. Iliachiwa ngoma na nyimbo za Afrika. Ilipata tuzo ya Oscar kwa upigaji wa picha za rangi.

Hapo tuseme kweli, jambo jema lilifanyika. Ngoma ilionekana kwa rangi zake na kwa sauti yake. Watu wa mabara mengine walishangaa uhodari wa vijana wale. Lakini katika hadithi ile wale vijana hawakuwa intore wa Rwanda. Walikuwa watu wa nchi ya kubuni. Mtazamaji hakuambiwa ngoma ile ni ya nini, wala nani aliyeifundisha.

Mwaka 1959 kampuni hiyo hiyo ilitoa filamu nyingine, ikaiita Watusi. Ndani yake ilitumia tena picha zilizobaki kutoka filamu ya kwanza. Haikuwa lazima kurudi Rwanda. Ndivyo mkanda ulivyo. Ukisha kupigwa picha, unaweza kuchezeshwa mara ya pili na ya tatu katika hadithi nyingine, nawe uko shambani kwako hujui lolote.

JINA LABAKI, NGOMA YAPOTEA

Hebu tazama hilo jina, Watusi. Ni umbo la Kiswahili. Lile "wa" la mwanzo ni letu, kama katika Waha na Warundi. Wageni walilisikia pwani wakalibeba lote, wakadhani ni sehemu ya jina.

Mwaka 1962 kikundi cha waimbaji wa mji wa Philadelphia, kilichoitwa The Orlons, kilitoa wimbo ulioitwa The Wah-Watusi. Ulipanda hadi nafasi ya 2 katika orodha ya nyimbo zilizopendwa Marekani. Vijana wakawa na dansi waliyoiita "watusi". Ilikuwaje dansi hiyo? Mchezaji anasimama karibu mahali pale pale, anakunja magoti kidogo, anatupa mikono juu na chini. Hakuna kuruka. Hakuna njuga wala mkuki wala singa. Hakuna mafunzo ya adabu. Kijana wa Philadelphia aliweza kuijua kwa dakika 10.

Hatumlaumu kijana yule. Kucheza ni furaha, na watu wa dunia huazimana ngoma tangu zamani. Lakini ona kilichopotea njiani. Ngoma iliondoka Rwanda bila maelezo. Sinema ikaipa hadithi ya uongo. Wimbo ukachukua jina tu. Kila ilipopita ilivuliwa nguo moja, mpaka ikabaki jina lililoandikwa vibaya.

TELEVISHENI NAYO

Dansi za namna ile zilienea upesi Marekani kwa sababu ya televisheni. Tangu mwaka 1957 kipindi cha vijana kiitwacho American Bandstand kilirushwa nchi nzima. Vijana walicheza mbele ya kamera, na wenzao wakaiga nyumbani siku ile ile.

Ngoma na televisheni zilianza pamoja. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilifungua televisheni yake mjini London. Siku hiyo ya kwanza walitumbuiza Wamarekani weusi wawili walioitwa Buck na Bubbles. Mmoja alipiga piano, na mwenzake alicheza dansi ya kugonga sakafu kwa viatu. Lakini wakati ule televisheni haikuhifadhi kitu. Mchezo ulirushwa moja kwa moja, ukaisha, ukapotea kama moshi. Waliouona wakausimulia tu.

Afrika Mashariki televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilipata yake mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi. Tanzania Bara ilisubiri. Mwalimu Nyerere aliona kwamba nchi maskini ina mambo ya kutangulizwa kabla ya televisheni. Vituo vya watu binafsi vilianza Bara mwaka 1994. Televisheni ya Taifa ilifuata, ikafunguliwa rasmi mwaka 2000.

Lakini haina maana kwamba ngoma ilisahauliwa. Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliwakumbusha wananchi kwamba wengi walijua rumba na chachacha lakini hawakujua gombesugu, mangala, kiduo wala lelemama. Baadaye kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanza. Redio ilipiga ngoma za makabila mbalimbali, na nchi nzima ikasikia.

Hata sinema ya Kiswahili ilikuwapo. Katika miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Watu walifurahi kumwona mtu wa kwao akisema lugha yao.

Hata hivyo tulikosa kitu. Redio ina sikio, haina jicho. Mchezaji hodari wa Kasulu mwaka 1970 aliweza kusikika redioni akibahatika, lakini miguu yake haikuonekana. Aliyetaka kujifunza ilibidi amfuate. Mchezaji huyo akifa bila mwanafunzi, miguu ile inazikwa pamoja naye.

SIMU YAKO NI KAMERA

Ndugu msomaji, hali imebadilika. Kifaa ambacho Weule alikibebesha wapagazi sasa kinaenea kiganjani. Kinanasa picha na sauti kwa pamoja. Miguu na mlio havipishani. Wala hatuhitaji kungoja kampuni kutoka Marekani.

Lakini makosa ya zamani yanaweza kufanywa na simu pia. Tazama picha zinazopitishwa kwenye simu. Nyingi ni za sekunde 30, fupi kuliko zile za akina Lumière! Hazina jina la kijiji, jina la ngoma, wala mwaka. Nyingine zimefutwa sauti yake zikawekewa muziki mwingine. Baada ya miaka 20 mjukuu wako akiiona, atajuaje kwamba yule mwenye ngoma ni babu yake?

Mkulima mwenye akili akihifadhi mbegu ya maharage, hutia alama kwenye chombo: mbegu gani, ya shamba gani, ya mwaka gani. Asipofanya hivyo, wakati wa kupanda hubahatisha. Ngoma nayo ni mbegu. Fanya hivi:

Kwanza, omba ruhusa. Waulize wachezaji na wazee kabla ya kuanza. Kuna ngoma za furaha za kuonyeshwa watu wote, na kuna ngoma za mambo ya siri au ya msiba. Wakikataa, zima simu. Lile swali la mwaka 1906 sasa linakuhusu wewe mwenye kamera.

Pili, piga picha tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo mmoja. Usikatekate. Laza simu, usiisimamishe, ili kundi zima lionekane. Simama mbali kidogo, miguu ionekane.

Tatu, baada ya ngoma, mkalishe kiongozi chini umrekodi akieleza. Ngoma inaitwaje? Inachezwa wakati gani? Maneno ya wimbo yana maana gani? Nani alimfundisha? Mwache aseme Kiha. Maneno mengine yakisemwa kwa Kiswahili hupungua maana.

Nne, andika. Chukua daftari uandike tarehe, kijiji, jina la ngoma na majina ya wachezaji wanaokubali kutajwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ndipo elimu yako ya kusoma na kuandika inapofanya kazi kubwa.

Tano, weka nakala mahali pawili au zaidi. Simu huibiwa, huanguka majini, hufa. Nakala moja ikae shuleni au kwa kiongozi wa kikundi, na nyingine mpelekee Afisa Utamaduni wa wilaya.

Sita, akija mtu anayetaka kutumia ngoma yenu katika filamu au biashara, msikubali kwa maneno matupu. Mwulizeni atasema ngoma ni ya nani, na kikundi kitapata nini. Andikeni mapatano. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi pia, pamoja na ngoma. Kabla ya kutia sahihi mwulizeni Afisa Utamaduni, naye atawaelekeza.

MAJIRANI WAMEANZA

Wenzetu wamekwisha kuamka. Mwaka 2014 UNESCO, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, liliandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2024 intore ya Rwanda nayo iliandikwa. Sasa mtu wa Marekani akiuliza intore ni nini, yako maelezo yaliyotolewa na Wanyarwanda wenyewe. Imechukua zaidi ya miaka 70 tangu ile filamu ya mwaka 1950 mpaka jina la kweli likae katika orodha ile.

Sisi wa Kibondo na Kasulu tusingoje miaka 70. Wazee wanaojua ngoma za Buha wapo leo, na hawaongezeki. Vijana wenye simu wapo. Mavuno yakisha kuingia ghalani, ngoma zitalia. Shime, kila kijiji kichague vijana wawili, mmoja wa simu na mmoja wa daftari. Waende kwa wazee kwa heshima, wakae chini, waulize.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Ngoma ya Rwanda ilipoteza nini ilipofika Marekani?
2. Kwa nini redio peke yake haitoshi kuhifadhi ngoma?
3. Taja ngoma zinazochezwa kijijini kwako. Ni nani anayejua maana ya nyimbo zake?
4. Ni ngoma gani ambazo wazee wa kwenu hawapendi zipigwe picha? Kwa nini?